Mwanza hadi Mhezi kwa Saa Sita na Dakika Thelathini na Tano

Asubuhi ya siku ya kumzika mama yake, Elibariki Mbwambo alichana karatasi kwenye daftari la kwaya, akaandika hesabu ya safari ya mdogo wake. Ndege kuondoka Mwanza, saa nne kamili. Kutua Kilimanjaro, saa tano na robo. Kutoka uwanjani, robo saa, kwa sababu Rodgers hatakuwa na mzigo. Gari hadi Same, saa mbili. Pikipiki kupanda mlima hadi Mhezi, saa moja na dakika ishirini. Akapiga mstari na kuandika chini yake: saa tisa kasoro dakika kumi mchana.

Alinakili hesabu hiyo mara mbili. Nakala moja alimpa mchungaji, ya pili akampelekea baba yake mdogo, mzee Clemence, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia msibani. Alikuwa na ombi moja tu: kaburi lisifunikwe kabla Rodgers hajafika. Ibada ilikuwa imepangwa saa nane. Mzee Clemence aliisogeza karatasi mbali na macho, akaisoma, akauliza kama hizo ndege zina saa za kuaminika.

“Zinaaminika kuliko mimi, baba mdogo,” Elibariki alisema.

Mzee aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Ibada ikasogezwa hadi saa tisa.

Elibariki ana miaka hamsini na moja. Ni mkulima wa kahawa, maharage na ndizi, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kupinda, na meno matatu ya mbele hayapo. Hajawahi kupanda ndege. Lakini anajua kwamba kutoka Mwanza hadi uwanja wa Kilimanjaro ni kama kilomita mia nne na sabini kwa mstari ulionyooka, na kwamba kwa barabara, kwa kuzungukia Singida, Babati na Arusha, hadi Same ni zaidi ya mia tisa. Anajua basi linaloondoka Mwanza alfajiri linashusha abiria Same saa nne au saa tano usiku. Namba hizi alijifunza gerezani, akiwa amechelewa.

Alifungwa kwa kumkata Rodgers mkono wa kulia.

Mwaka 2016 Elibariki alikuwa mshika zamu wa ndiva ya kitongoji chao. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Wapare wa milimani hukusanya humo maji ya mfereji usiku na kuyafungulia mashamba asubuhi, kila kaya kwa siku yake. Mshika zamu ndiye anayezibua tundu na kuliziba. Baba yake aliifanya kazi hiyo kwa fimbo mkononi. Elibariki naye alianza kwa fimbo, lakini kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mwezi wa tisa mtu mmoja alivunjwa taya kwa mpini wa jembe kwa sababu alichelewa kufunga mfereji wake. Wiki mbili baadaye ndugu wawili walikatana mapanga pale pale kwenye mfereji, na mmoja alishonwa nyuzi kumi na tisa kichwani. Tangu siku hiyo Elibariki akawa anakwenda ndivani na panga.

Rodgers, mdogo wake kwa miaka minane, alikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha samaki Mwanza. Alikuwa ameachiwa na baba yao shamba la bondeni lenye zamu ya Alhamisi, likilimwa na mama yao, Ernesta. Alitaka kuvuta bomba la plastiki kutoka ndivani hadi shambani ili maji yasipotelee njiani. Elibariki alikataa. Walibishana kwenye simu Jumapili moja jioni, na Rodgers akasema kwamba bora ndiva ibomoke kuliko kuwa mali ya mtu mmoja. Agatha, mke wa Elibariki, aliyasikia na kumwambia mumewe kuwa hayo ni maneno ya hasira tu, ayaache yapite. Elibariki hakuyaacha. Alimsimulia jirani yake Paskali, na kufikia Jumanne kitongoji kizima kilikuwa kinajua kwamba Rodgers ameapa kuja kuibomoa ndiva.

Jumatano ya tarehe 12 Oktoba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Rodgers alimpigia mama yake. Ernesta alikuwa na masikio mazito, kwa hiyo simu yake ilikuwa haizimwi spika, na Elibariki, aliyekuwa uani akinoa jembe, alisikia kila neno. Rodgers alisema yuko Mwanza, anakuja, anataka wayamalize na kaka yake. Hakusema anakuja kwa njia gani. Mwajiri wake alikuwa anamtuma Moshi kutengeneza chumba cha baridi na amemkatia tiketi ya ndege. Alinyamaza, kama alivyoeleza baadaye mahakamani, ili asionekane anajitapa. Mama yake alimtakia safari njema, akapanga kumchinjia kuku Alhamisi. Mtu anayetoka Mwanza asubuhi anafika mlimani kesho yake. Hivyo ndivyo kila mtu Mhezi alivyohesabu, na hakuna aliyewahi kuona hesabu hiyo ikikosea.

Saa moja ndiva ilikutwa tupu. Ukuta wa upande wa bondeni ulikuwa umeachia upana wa mlango, na maji yote yalikuwa yameteremkia moja kwa moja kwenye shamba la Rodgers. Kando ya tundu kulikuwa na alama za majembe zilizoonekana mbichi. Baragumu likapigwa. Watu kama arobaini walikusanyika na vifaa vyao, kama wanavyokusanyika siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na mpaka saa sita walikuwa wamefanya kazi moja tu, kumtafuta wa kumlaumu. Jina lililotajwa zaidi lilikuwa la mtu aliyeko Mwanza.

Saa saba kasoro dakika kumi Rodgers alitokea kwenye njia ya miguu, begi begani, viatu vyeusi vimeng'aa.

Kutoka ile simu ya asubuhi zilikuwa zimepita saa sita na dakika thelathini na tano. Watu walimgeukia. Kisha Paskali, ambaye maharage yake yalikuwa na siku tisa bila maji, akamuuliza ametokea wapi. Rodgers alisema Mwanza.

“Mwanza leo asubuhi?” Paskali aliuliza. “Una mabawa?”

“Ninayo,” Rodgers alisema, akacheka. “Shikamooni wazee. Nimekuja kwa ndege.”

Ndege walizijua. Zilipita juu ya milima ya Upare kila siku, kati ya Dar es Salaam na Kilimanjaro, na siku ya anga safi ungeweza kuhesabu madirisha. Lakini kwa watu waliokuwa ndivani ndege ilikuwa chombo cha kwenda Ulaya, cha watalii na maaskofu. Mtoto wa Ernesta kupanda ndege kuja kusalimia mama yake ulikuwa uongo wa kitoto. Kwao jambo lilikuwa wazi: alikuwa amefika tangu jana, amelala mahali, amebomoa, amepiga simu kutoka kichakani akijifanya yuko mbali. Viatu navyo vikawa ushahidi. Mtu aliyesafiri hawezi kuwa na viatu safi. Huyu ameosha tope. Kumbe pikipiki ilikuwa imemshusha shuleni, mita mia tatu tu, kwa sababu njia iliyobaki ina ngazi za mawe.

Elibariki alimpiga kwanza kwa ubapa wa panga, begani, akimtaka akiri. Rodgers alisema tena, nimekuja kwa ndege, kaka. Pigo la pili lilimpata sikioni na kulichana. Mtu mmoja akampiga mpini wa jembe kwenye magoti, akaanguka. Walimkanyaga mbavuni. Kila alipotaja ndege walizidi, kwa sababu sasa ilionekana anawadhihaki. Alijaribu kuingiza mkono kwenye mfuko wa shati, wakadhani anatoa kisu. Paskali na wenzake wawili walimshika mkono huo wakaulaza juu ya jiwe la tundu la kutolea maji.

Hakuna mila ya Wapare inayosema mvunja ndiva akatwe mkono. Adhabu ya zamani ilikuwa mbuzi na pombe, na kuujenga ukuta upya. Elibariki alikuwa anaijua adhabu hiyo kuliko wote waliokuwepo. Alinyanyua panga na kukata juu kidogo ya kiganja. Halikupita. Akakata tena.

Ernesta alifika akikimbia, mwanamke wa miaka sitini na sita wakati huo. Hakupiga kelele. Aliwasukuma wanaume kama anayefungua njia sokoni, akapiga magoti, akaivua kanga yake na kuufunga mkono juu ya kiwiko, akaikaza kwa kijiti. Rodgers alikuwa bado ana fahamu. Alimwambia aangalie mfukoni. Ernesta alitoa kipande cha karatasi ngumu chenye damu pembeni. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne shule ya misheni. Alikisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ya darasani, neno moja moja: Mbwambo, Rodgers. Kutoka Mwanza. Kwenda Kilimanjaro. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi. Saa mbili kamili asubuhi.

Akawatazama. Akaanza kusoma upya kutoka juu. Alipofika kwenye saa, nusu ya watu walikuwa wameshaondoka, na majembe yao wameyaacha.

Wanaume wanne walimbeba Rodgers kwa machela hadi palipokuwa na gari. Mkono haukuweza kuunganishwa. Elibariki alikaa kando ya ndiva mpaka polisi walipofika jioni. Alikabidhi panga bila kuulizwa.

Mahakamani yalitoka mengine. Mtaalamu wa umwagiliaji alieleza kwamba ukuta ulikuwa umetobolewa na fuko, na shimo lilikuwa limekaa pengine miezi. Maji yalipojaa usiku ule, ukuta ukaachia wenyewe. Alama za majembe zilikuwa za wanakijiji, wa msaragambo wa wiki moja kabla, walipokuwa wanauziba huo huo ukuta. Elibariki alikiri kosa. Alipewa miaka saba. Paskali na wale wawili walipewa miwili kila mmoja.

Gerezani alipigwa sana mwaka wa kwanza. Wafungwa huulizana makosa, na la kwake halikupendwa: mtu aliyemkata ndugu yake wa tumbo moja. Meno mawili aliyapotezea kwenye foleni ya maji, alipoambiwa zamu yake imefutwa akabisha. La tatu liling'olewa kwa ndoo. Aliyemtoa katika vipigo hivyo alikuwa Habibu, mfungwa mkubwa wa mwili aliyewahi kuwa kuli wa mizigo uwanja wa ndege. Elibariki alimuuliza swali moja mara nyingi mpaka Habibu akachoka: ndege ya Mwanza inachukua muda gani? Habibu alimfundisha yote aliyojua. Mwendo wa ndege ya mapangaboi, muda wa kupanda, wa kushuka, dakika za kungoja begi, dakika za asiyekuwa na begi. Elibariki aliziweka pamoja na kilomita za barabara. Kila alipojumlisha, Rodgers alifika Mhezi saa saba kasoro dakika kumi.

Alitoka baada ya miaka minne na miezi minane. Kazi ya ndiva alikuwa amepewa mwingine, na zamu yake ikawa ya mwisho kwenye orodha. Hakulalamika. Siku moja sokoni Hedaru mpakia malori alitajiwa Elibariki ni nani, akamvunja mbavu mbili kwa rungu. Hakwenda polisi. Mama yake alimpokea nyumbani, akampikia, akazungumza naye mambo ya shamba. Rodgers alizungumza na mama peke yake, kwa simu, kila Jumapili, na wakati huo Elibariki alitoka nje. Mlimani Rodgers hakurudi. Ernesta alimwambia Elibariki mara moja tu kwamba anayo hamu ya kuwaona wote wawili wamesimama mahali pamoja, na kwamba anajua itakuwa siku gani.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, usingizini. Ujumbe wa Rodgers ulikuja kwenye simu ya Agatha: Ijumaa, ndege ya saa nne, nisubirini.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo, saa tisa kasoro dakika kumi, Elibariki alikuwa amesimama kaburini na koleo, ameikazia macho njia ya kutoka shuleni. Hapakuwa na mtu. Saa tisa ibada ilianza. Saa tisa na nusu mchungaji alikuwa amemaliza sala na mahubiri, na kwaya imeimba nyimbo zake zote tatu. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kilele cha Shengena. Masika ilikuwa imelowesha kila kitu, na kuta za kaburi zilikuwa zimeanza kumeguka. Simu ya Rodgers ilikuwa haipatikani.

Mzee Clemence alitoa ile karatasi, akaitazama, akaitazama saa yake. Alisema wamesubiri vya kutosha, kaburi litajaa maji. Mtoto atakuta tuta la kaburi, aweke shada. Akaagiza jeneza lishushwe.

Elibariki alijitumbukiza kaburini.

Mzee alimwambia atoke. Elibariki alisema Rodgers yuko njiani. Alisema ndege haikosi, kilichokosa ni barabara, labda mvua imekata njia, wampe saa moja. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini kama sasa ndiye amekuwa rubani. Wachache walicheka, na kicheko hicho kikampandisha Paskali hasira. Alikuwa amekaa gerezani miaka miwili kwa sababu ya mtu huyu na hesabu zake, na sasa mtu huyu yumo ndani ya kaburi la mama yake akiwazuia watu mia tatu. Alishuka kumtoa.

Elibariki alimpiga kwa mpini wa koleo mdomoni. Paskali aliegemea ukuta wa udongo, akatema damu, akarudi. Kaburi lina upana wa mtu mmoja, na watu wawili hawana pa kukunjia ngumi. Walipigana kwa vichwa, kwa viwiko, kwa magoti. Wanaume wengine watatu waliingia. Udongo ulikuwa unawaporomokea. Mmoja alimkaba Elibariki shingo, mwingine akawa anampiga tumboni, pigo moja moja, bila haraka. Elibariki aliliachia koleo na kushika mzizi uliokuwa umejitokeza ukutani, na hawakuweza kumbandua. Kila walipopumzika alisema saa moja tu. Juu, kando ya jeneza, mchungaji alikuwa amefunga kitabu. Agatha alimwambia mzee Clemence kwamba wakimuua humo watalazimika kuchimba lingine.

Saa kumi na dakika tano watu wa nyuma waligeuka, kisha wakapisha.

Rodgers alikuwa na tope hadi magotini. Daraja dogo la njiani lilikuwa limesombwa usiku, na alikuwa ametembea saa nzima na robo kupanda. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Aliwaamkia wazee, akasimama mbele ya jeneza, akaliwekea kiganja cha kushoto. Kisha akaenda ukingoni na kutazama chini. Wale waliokuwa kaburini walipanda juu mmoja mmoja, bila kumtazama, na Elibariki akabaki peke yake, jicho moja limefunga, damu inamchuruzika puani.

Rodgers aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Paskali alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na hakusogea. Rodgers akatoa kipande cha karatasi ngumu, akakiachia kikaanguka miguuni kwa kaka yake.

“Soma, kaka,” alisema. “Kwa sauti, kama alivyosoma yeye.”

Elibariki alikiokota. Alisoma. Mbwambo, Rodgers. Kutoka Mwanza. Kwenda Kilimanjaro. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne. Saa nne kamili asubuhi. Sauti yake ilikuwa inatoka vibaya kwa sababu ya mapengo na damu, na waliokuwa mbali waliomba arudie. Akarudia.

Rodgers alipiga goti ukingoni, akanyoosha mkono wa kulia, ule usio na kiganja. Mkono wa koti ulikuwa umefunguka. Elibariki alisita, kisha akaushika kwa mikono yake yote miwili, juu kidogo ya kovu, akaanza kupanda. Kifua chake kilipofika usawa wa ardhi, Rodgers alimpiga ngumi ya kushoto usoni, kwa nguvu zote za mtu ambaye kwa miaka saba na nusu ametumia mkono huo peke yake. Elibariki alianguka chali chini kaburini. Hakuna aliyesogea.

Rodgers alisubiri mpaka alipomwona ameketi. Kisha akaunyoosha mkono ule ule wa kulia tena.

“Sasa toka,” alisema. “Mama anangoja.”

Mara ya pili alitoka. Jeneza lilishushwa saa kumi na nusu, mvua ikiwa imeanza. Mchungaji aliwaita watoto wa marehemu watupie udongo, na walisimama upande mmoja, wa kwanza akitupa kwa mkono wa kulia, wa pili kwa wa kushoto. Baada ya hapo Rodgers alikwenda kukaa na mzee Clemence, na Elibariki alichukua koleo na kufukia pamoja na wengine, Paskali akiwa upande wa pili wa shimo.

Kile kipande cha karatasi kilikuwa kimebaki chini. Elibariki alikikumbuka udongo ulipokuwa umefika nusu. Alisimama kidogo, akatema damu pembeni, akaendelea kufukia.